Kifaa hakijibu snmpwalk: usome ukimya kabla ya kupanda basi

Timeout: No Response from 10.20.4.1

Huo ndio mstari ambao snmpwalk, amri ya kukiuliza kifaa cha mtandao hali yake kwa itifaki ya SNMP, hukuachia kisipojibu. Ukiwa Kampala na kifaa kiko Arua, mstari huo mmoja unaweza kukupakia basi la usiku, karibu kilomita 500 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Mimi ulinipakia. Nilifika asubuhi nikakuta ruta inawaka taa zake zote, wafanyakazi wa tawi wanatuma barua pepe kama kawaida, na tatizo lenyewe ni kanuni moja ya fayawoli iliyokuwa bado inaruhusu anwani ya seva yetu ya zamani. Ningeweza kuirekebisha kutoka ofisini kwa dakika mbili. Tangu siku hiyo, mafundi wanaokuja kujifunza kazi kwetu, wa Bombo, wa Busia, na wale waliovuka kutoka upande wa Congo, nawaambia jambo moja kabla ya mengine yote: SNMP ikinyamaza, haijakuambia kwamba kifaa kimekufa. Haijakuambia chochote bado.

Sababu iko katika jinsi itifaki yenyewe ilivyotengenezwa. Maswali husafiri kwa UDP kwenda poti 161, na UDP haina hodi wala karibu. Pakiti inatupwa njiani na mtumaji anabaki kusubiri. Tena ukikosea neno la kuingilia, lile tunaloliita komyuniti, kifaa hakikuambii umekosea. Kinaitupa pakiti na kukaa kimya, kwa makusudi, ili mgeni anayebahatisha maneno asijue kama kuna mtu ndani. Kwa hiyo kifaa kilichozimika, neno lililokosewa, fayawoli iliyofunga, toleo la SNMP lisiloruhusiwa na jibu lililopotelea njiani, vyote vinafika kwenye skrini yako na sura ileile.

Mifano yangu inatumia zana za Net-SNMP kwenye Ubuntu au Debian. Anwani na maneno ya siri ni ya mfano tu.

Dalili: hakuna jibu kabisa

Anza na swali dogo kuliko yote:

snmpget -v2c -c 'NENO' 10.20.4.1 .1.3.6.1.2.1.1.3.0

Hapo unauliza sysUpTime, yaani muda tangu wakala wa SNMP aliyemo ndani ya kifaa aanze kazi. Nimeandika namba, ile inayoitwa OID, badala ya jina ili tatizo la majina, ambalo tutalifikia, lisichanganyike na tatizo la njia. Usianze kwa kutembeza snmpwalk kwenye kifaa kizima. Ukikosa jibu la swali moja dogo, maswali elfu hayatakuongezea ujuzi wowote, na kama kifaa kimeelemewa utakuwa unakizidishia mzigo.

Sasa fungua dirisha la pili la terminali na usikilize waya wakati swali linaondoka:

sudo tcpdump -ni any 'udp port 161 or icmp'

Wengi huongeza hapo anwani ya kifaa ili wapunguze kelele. Usiiongeze. Ruta yenye anwani kadhaa inaweza kupokea swali lako kwenye anwani moja na kujibu kwa nyingine, na ukichuja kwa anwani uliyouliza hutaliona jibu hilo. Nimeshaona mafundi wawili wakikesha juu ya tatizo la aina hii, jibu linafika hadi mlangoni kila sekunde, ila chujio lao wenyewe ndilo lililoficha.

Unachokiona kwenye tcpdump ndicho kinachoamua hatua inayofuata.

Ukiona swali linatoka na jibu linarudi kutoka anwani nyingine, umepata. Fayawoli inayofuatilia mazungumzo, hata ile iliyo kwenye kompyuta yako mwenyewe, inangoja jibu kutoka anwani iliyoulizwa. Likija kutoka kwingine inalitupa. Uliza ile anwani inayojibu, au ufunge wakala kwenye anwani moja ya usimamizi.

Ukiona ujumbe wa ICMP kwamba poti haifikiki, kwa kawaida kifaa kiko hai na hakuna anayesikiliza poti 161. Kwenye MikroTik, SNMP huja ikiwa imezimwa; ingia uandike /snmp set enabled=yes. Kwenye seva ya Linux andika:

sudo ss -lunp | grep 161

Ukikuta 127.0.0.1:161, wakala anasikiliza nyumbani kwake tu. Hivyo ndivyo Ubuntu na Debian zinavyokuja. Fungua /etc/snmp/snmpd.conf, tafuta mstari wa agentaddress, uongeze anwani ya usimamizi ya seva hiyo, kisha uwashe upya snmpd. Usifungue kwa anwani zote ikiwa seva ina mguu kwenye intaneti ya nje. SNMP iliyoachwa wazi yenye neno public hutumiwa na wahalifu kuzidisha mashambulizi dhidi ya watu wengine, na laini yako ndiyo itakayojaa.

Ukiona swali linatoka na hakuna kinachorudi, hapo ndipo ukimya wenyewe ulipo. Jaribu anwani hiyo kwa ping. Ping ikirudi, njia ipo, na washukiwa wanaobaki ni fayawoli, orodha ya ruhusa, toleo na komyuniti. Mimi huanza na swali moja: je, kifaa kinaniona nikija kutoka wapi?

ip route get 10.20.4.1

Tazama kilichoandikwa baada ya neno src. Seva yenye kadi mbili za mtandao, au laptopu iliyoingia kwa VPN, mara nyingi inatoka na anwani usiyoitegemea, na orodha ya ruhusa upande wa pili haiijui. Ndiyo iliyonipeleka Arua.

Kama una njia ya kuingia kwenye kifaa kwa SSH, kiulize chenyewe. Kwenye Cisco, amri ya show snmp inaonyesha idadi ya pakiti zilizokuja na komyuniti isiyojulikana. Tuma swali lako mara tatu, kisha utazame tena. Namba ikipanda, pakiti zinafika na neno ndilo bovu. Isipopanda, pakiti zinazuiwa kabla hazijafika kwa wakala. Hesabu hiyohiyo ipo kwenye SNMP kwa namba .1.3.6.1.2.1.11.4.0, na unaweza kuisoma kutoka seva nyingine ambayo bado inakubaliwa. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo bora kuliko vyote kwenye ukurasa huu, kwa sababu kinaugawa ukimya katika sehemu mbili ambazo hazifanani kabisa.

Neno liko sawa, lakini haliko sawa

Komyuniti hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Kwetu hapa maneno haya hutumwa kwa WhatsApp, fundi wa zamu anamtumia mwenzake, na kibodi ya simu inafanya herufi ya kwanza iwe kubwa bila kuulizwa. Ukinakili kutoka hapo unaweza pia kuburuta nafasi tupu mwishoni. Macho hayaioni.

Jingine ni alama. Tuseme neno ni Mto$Nile! na wewe umeandika:

snmpget -v2c -c Mto$Nile! 10.20.4.1 .1.3.6.1.2.1.1.3.0

Bash inaona $Nile ni jina la kitu kilichohifadhiwa, haikikuti, inakifuta, na kinachosafiri ni Mto! peke yake. Ukitumia alama za nukuu mbilimbili, $Nile bado inafutwa. Tumia nukuu mojamoja, 'Mto$Nile!', kila siku, hata kama neno halina alama yoyote, ili mkono uzoee.

Toleo la 2c linasafirisha neno hili wazi kabisa. Yeyote anayeweza kuendesha tcpdump -A njiani atalisoma. Na ukiliandika kwenye amri linabaki kwenye historia ya terminali. Liweke kwenye faili ~/.snmp/snmp.conf, mistari miwili, defVersion 2c na defCommunity ikifuatwa na neno lako, kisha chmod 600. Baada ya hapo amri inakuwa fupi, na mgeni aliyesimama nyuma yako haoni kitu.

Dalili: snmpget inajibu, snmpbulkwalk inakwama

Hii inasumbua hasa kwenye matawi yaliyounganishwa kwa VPN. Swali moja linajibiwa papo hapo, lakini ukiomba orodha nzima ya poti za kifaa, zile za nyaya na si namba kama 161, unapata Timeout, au inakwenda hadi mahali fulani na kusimama palepale kila mara.

Jibu la swali moja ni pakiti ndogo. snmpbulkwalk huomba vitu 10 kwa mkupuo, na majibu yake, hasa yakiwa na maelezo marefu ya poti, yanaweza kuzidi kipimo ambacho handaki la VPN linaweza kubeba. Pakiti inakatwa vipande, kipande kimoja kinatupwa na fayawoli njiani, na pakiti nzima inapotea. Punguza mkupuo:

snmpbulkwalk -v2c -Cr3 -c 'NENO' 10.20.4.1 .1.3.6.1.2.1.2.2

Ikipita kwa 3 na kukwama kwa 10, umethibitisha, na dawa ya kudumu ni kurekebisha MTU ya handaki, yaani ukubwa wa juu wa pakiti inayoubeba, au kuruhusu vipande kwenye fayawoli. Ukitaka kuvitazama vipande kwa macho, kumbuka kwamba cha pili na vinavyofuata havina namba ya poti, kwa hiyo chujio la udp port 161 halivioni. Ongeza: or ip[6:2] & 0x1fff != 0.

Ikikwama hata kwa mkupuo mdogo, fikiria muda. Net-SNMP husubiri sekunde 1 na kurudia mara 5. Setilaiti ya mzingo wa kilomita 36,000 inakula kama milisekunde 600 kwenda na kurudi kabla laini haijajaa. Mchana watu wakianza kutazama video, sekunde moja inapita. Hata ruta ndogo iliyoelemewa huliacha swali la SNMP liwe la mwisho kwenye foleni. Mwenye haraka huongeza idadi ya marudio. Mimi nafanya kinyume, -t 5 -r 1, nasubiri zaidi na kuuliza mara chache. Kifaa kilichochoka kikirushiwa swali lilelile mara sita kinachoka zaidi.

Kuna nyingine adimu, Error: OID not increasing. Kifaa kinarudisha namba zisizopanda kwa mpangilio na snmpwalk inakataa ili isizunguke milele. Kosa ni la fimuwea ya kifaa. Ukiongeza -Cc inaendelea, ila isimamie kwa macho.

Dalili: inajibu, lakini inatoa kidogo mno

Unatembeza snmpwalk kwenye seva, unapata jina la mashine, mahali ilipo, mistari michache, basi. Hakuna poti wala diski. Hapa hakuna kilichoharibika. snmpd.conf ya Ubuntu na Debian ina mwonekano unaoitwa systemonly, unaoruhusu .1.3.6.1.2.1.1 na .1.3.6.1.2.1.25.1 tu. Ongeza mstari wa view kwa tawi unalolihitaji, kwa mfano .1.3.6.1.2.1.2 na .1.3.6.1.2.1.31 kwa ajili ya poti. Usifungue mti mzima kwa uvivu wa kuchagua.

Dalili: Unknown Object Identifier

Ujumbe huu hautoki kwenye kifaa. Swali halikuondoka hata mezani kwako. Debian na Ubuntu hazileti faili za MIB, zile kamusi za majina na namba zake, kwa sababu ya leseni zake, kwa hiyo kompyuta yako haijui sysDescr ni namba gani. Weka kifurushi cha snmp-mibs-downloader, kisha kwenye /etc/snmp/snmp.conf utie alama ya # mbele ya mstari unaosema mibs : ili usifanye kazi. Hakiki bila kugusa mtandao:

snmptranslate -On SNMPv2-MIB::sysDescr.0

Ikirudisha .1.3.6.1.2.1.1.1.0, umemaliza. Kifurushi hicho kinahitaji intaneti kupakua faili zake. Ukienda kituo kisicho na laini, zipakue ukiwa bado mjini.

Dalili: No Such Object, No Such Instance

Hizi ni habari njema, kwa sababu mtu amejibu. No Such Object maana yake kifaa hakina kitu hicho, au mwonekano uliopewa haukionyeshi. No Such Instance maana yake kitu kipo lakini si kwa kiambishi ulichoandika. Mara nyingi umesahau sifuri ya mwisho, umeandika .1.3.6.1.2.1.1.1 badala ya .1.3.6.1.2.1.1.1.0, au umeuliza poti namba 9 kwenye swichi ambayo haina namba hiyo. Toleo la 1 husema noSuchName kwa yote mawili.

Toleo la 3

Tofauti na 2c, toleo la 3 huongea. Unknown user name: jina halipo kwenye kifaa. Authentication failure: neno la siri, au aina ya hashi, umeiandika MD5 na kifaa kimewekwa SHA. Maneno yote mawili ya siri, la utambulisho na la kusimba, lazima yafikie herufi 8. Yakipungua, zana yenyewe inakataa kabla ya kutuma. Neno la siri la kusimba likiwa bovu na lile la utambulisho likiwa sawa, vifaa vingi vinarudi kwenye ukimya wa zamani, kwa hiyo jaribu kwanza -l authNoPriv, utambulisho bila kusimba, kama kifaa kinaruhusu, ndipo uongeze authPriv.

Not in time window inahitaji maelezo kidogo, kwa sababu watu hukimbilia kurekebisha saa ya ukutani. Saa hiyo haihusiki. Kila kifaa kina hesabu ya mara ngapi kimewashwa na sekunde ngapi zimepita tangu hapo, na pande mbili zikitofautiana zaidi ya sekunde 150, ujumbe unakataliwa. Kifaa kisichohifadhi hesabu hiyo, umeme ukikatika, kinaamka na namba ndogo kuliko ile ambayo mfumo wa uangalizi unaikumbuka, na mfumo unakataa majibu yake. Hapo utaona jambo la kushangaza: snmpget ya mkono inafanya kazi, kwa kuwa huanza upya kila mara, na mfumo unasema kifaa hakijibu. Washa upya mfumo wa uangalizi ili usahau hesabu ya zamani. Dalili hiyohiyo hutokea seva mbili zikinakiliwa kutoka mashine moja na kubaki na engineID moja, yaani kitambulisho kimoja cha wakala.

Dalili: majibu yanakuja, lakini hayana ukweli

Hizi ndizo ninazoziogopa zaidi, kwa sababu hakuna ujumbe wa kosa.

Kaunta ya biti 32 hufika 4,294,967,295 na kurudi sifuri. Kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde iliyojaa, inazunguka baada ya dakika 5 na sekunde 44 hivi. Kwenye gigabiti moja, sekunde 34. Ukisoma ifInOctets kila dakika 5 kwenye laini ya gigabiti, grafu inakuchorea laini tulivu huku wateja wanalalamika, na utawaambia wanakosea. Soma ifHCInOctets, .1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.6, ambayo ni ya biti 64, na utumie -v2c au -v3, maana toleo la 1 halina kaunta hizo.

Namba za poti nazo huhama. Radi za ukanda wa Ziwa Victoria hazina huruma na vifaa vya minarani. Umebadilisha kadi iliyoungua, kifaa kimewaka upya, na poti iliyokuwa namba 3 sasa ni 5. Grafu yako ya laini kuu inaendelea kuchora, ila inachora Wi-Fi ya wageni. Baada ya kila ukarabati tembeza .1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.1 na ulinganishe majina na namba. Kwenye Cisco, snmp-server ifindex persist inazifunga zisihame.

Na sysUpTime, iangalie kwa makini. Ukiuliza saa nne kamili asubuhi ukapata

Timeticks: (1234500) 3:25:45.00

wakala alianza saa kumi na mbili na dakika 34 asubuhi. Je, umeme ulikatika, au mtu aliwasha upya wakala peke yake? Kwenye seva, linganisha na .1.3.6.1.2.1.25.1.1.0, ambayo ni muda wa mashine nzima. Na kifaa kilichokaa siku 497 bila kuzimwa hurudi sifuri chenyewe; usimwamshe mtu usiku kwa hilo.

Kama kituo kina UPS yenye kadi ya mtandao inayofuata MIB ya kawaida ya UPS, uliza hizi mbili kabla ya kumpigia askari wa zamu:

snmpget -v2c -c 'NENO' 10.20.4.9 .1.3.6.1.2.1.33.1.2.1.0 .1.3.6.1.2.1.33.1.2.3.0

Ya kwanza ni hali ya betri: 2 ni nzima, 3 imeshuka, 4 imekwisha. Ya pili ni dakika inazokadiria kubaki. Ukipata 4 wakati umeme wa kawaida upo, kituo hicho kitazimika dakika ileile umeme utakapokatika. Kwa jibu hilo, basi la usiku ni halali. Soma namba ya muundo wa betri kwenye rekodi zako, inunue Kampala, na upande nayo.